Henry Dunant: Mtenda wema aliyesahauliwa na waliopaswa kumshukuru

Hivi majuzi nilialikwa kuhudhuria hafla ya kuwaenzi watu waliojitolea kuihudumia jamii katika kaunti moja ambayo sitaitaja. Hema lilikuwa limesimamishwa likasimamika, viti vya mbele vimevikwa vitambaa vyeupe, na meza ya wageni wa heshima imepambwa kwa maua na chupa za maji. Walituzwa wafadhili. Alituzwa mwenye kampuni aliyetoa mablanketi, akatuzwa aliyetoa gari, akatuzwa na aliyelipia hilo hema tulimokuwa. Kila mmoja alihutubia, na hotuba zenyewe hazikuwa fupi. Saa zikayoyoma. Ilipowadia zamu ya wale ambao hafla yenyewe ilisemekana kuwa ni yao, yaani wanaotembea nyumba hadi nyumba wakiwapelekea wagonjwa dawa na kuwahimiza akina mama wajawazito kwenda kliniki, mshereheshaji alitangaza kwamba wakati umetupa kisogo, na akawaomba wote wasimame kwa pamoja wapigiwe makofi. Majina yao, yaliyokuwa yamepigwa chapa kwenye karatasi ambayo niliiona kwa macho yangu, hayakusomwa.

Mama mmoja aliyeketi karibu nami, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwafuatilia wagonjwa wa kifua kikuu ili wasikatize matibabu, alisimama pamoja na wenzake, akapiga makofi, akaketi. Sikumwona akinung'unika. Mzee mmoja wa upande wa pili, aliyehisi pengine kuwa mimi ndiye niliyekereka, alinikumbusha kwa upole kuwa wahenga walitufunza kutenda wema na kwenda zetu.

Methali hiyo imekuwa ikinisumbua tangu siku hiyo. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kazi yangu ni kuuliza neno limesemwa na nani, kwa nani, na kwa kusudi gani. Tenda wema nenda zako ni wasia anaopewa mtenda. Unamwonya asikae akisubiri malipo, asije akafa moyo. Haukutungwa uwe kinga ya mtendewa. Anayeufaidi wema wa mwenzake kisha akaitoa methali hiyo mfukoni ili asiseme ahsante, ameigeuza juu chini, na nionavyo mimi, sisi Wakenya tumezoea sana kuigeuza.

Nilipofika nyumbani nilimkumbuka mtu ambaye maisha yake yote yanaweza kusomwa kama mabishano marefu kati ya pande hizo mbili za methali. Ni Henry Dunant wa Geneva, aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1828 na kufariki tarehe 30 Oktoba 1910. Siku yake ya kuzaliwa huadhimishwa kote duniani kuwa Siku ya Msalaba Mwekundu, na hapa kwetu hapana mtoto wa shule asiyeijua alama ile ubavuni mwa gari la wagonjwa. Lakini waliozoea alama si lazima wamjue mwenye wazo, na wanaolijua jina lake aghalabu hawajui alivyoishi.

Alizaliwa katika jamaa ya wafanyabiashara waliokuwa na nafasi yao mjini, Waprotestanti wa madhehebu ya Calvin, ambao dini kwao haikuwa ya Jumapili pekee. Baba yake alishughulika na mayatima na wafungwa waliotoka gerezani, mama yake akiwahudumia maskini na wagonjwa. Kijana alipofikia umri wa miaka 18 alijiunga na chama cha mjini kilichowagawia maskini sadaka. Mwaka uliofuata, yeye na marafiki zake wakaunda kikundi kilichokutana siku za Alhamisi kusoma Biblia na kuwatembelea wahitaji. Mnamo 1852 alianzisha tawi la Geneva la Chama cha Vijana Wakristo, YMCA, na alishiriki katika mkutano wa Paris wa 1855 ambao ulikifanya chama hicho kuwa cha kimataifa. Wasafiri wengi waliowahi kulala katika hosteli za YMCA za Nairobi hawajui kuwa wanadaiwa shukrani hapo pia.

Masomoni hakufaulu. Aliacha shule akiwa na miaka 21 kwa sababu ya alama duni, akaingia kazini katika kampuni ya kubadilisha fedha. Nalitaja hili kwa kuwa tunapoandika habari za watu mashuhuri huwa twapenda kuwapamba kwa kipaji kilichojidhihirisha tangu utotoni. Dunant hakuwa na kipaji hicho, na wala, kama itakavyobainika, hakuwa na kipaji cha biashara.

Biashara yake ndiyo iliyomleta Afrika. Mwaka 1853 kampuni yake ilimtuma Aljeria, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wafaransa, na kutoka hapo akazuru Tunisia. Aliiandikia Tunisia kitabu, na sura yake iliyohusu utumwa, ambamo alilinganisha hali ya watumwa katika nchi za Waislamu na ile ya watumwa wa Marekani, ilitolewa peke yake mnamo 1863. Lakini huyohuyo aliyeuona utumwa kuwa ni dhuluma alijitafutia shamba na kiwanda cha kusaga nafaka katika ardhi ya Waaljeria iliyokuwa imetwaliwa kwa nguvu ya bunduki, na sijaona ishara yoyote kwamba jambo hilo lilimnyima usingizi. Sitalifunika. Wema wa binadamu huwa na mipaka yake, na mipaka ya wema wa Wazungu wengi wa karne ile ilikomea ufuoni mwa bara letu.

Kiwanda kilihitaji maji, na kibali cha maji hakikupatikana. Maafisa wa kikoloni walimzungusha huku na huko jinsi sisi sote tujuavyo kuzungushwa, hadi akaamua kwenda kwa mwenye nchi mwenyewe, Kaisari Napoleon wa Tatu wa Ufaransa. Kaisari hakuwa Paris. Alikuwa kaskazini mwa Italia akiongoza jeshi lake, bega kwa bega na Waitalia wa Sardinia, kupigana na Waaustria. Dunant akafunga safari kumfuata huko, akiwa amebeba kitabu alichokuwa amemtungia cha kumsifu.

Kwa hiyo mtu huyu hakwenda vitani kutenda wema. Alikwenda kutafuta kibali cha maji.

Tarehe 24 Juni 1859 majeshi yenye jumla ya askari wapatao 300,000 yalikabiliana karibu na kijiji cha Solferino. Vita vilianza alfajiri vikaendelea kutwa nzima, na jua lilipotua idadi ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea ilikuwa takriban 40,000. Jioni hiyo Dunant aliingia katika mji jirani wa Castiglione. Majeruhi walikuwa wakiletwa kwa mikokoteni na migongoni mwa nyumbu, maelfu kwa maelfu, wakalazwa makanisani, majumbani, vibarazani na kwenye majani makavu barabarani. Madaktari wa jeshi walikuwa wachache mno. Wengi waliokufa siku zile hawakufa kwa risasi bali kwa kiu, kwa uchafu wa majeraha, na kwa kukosa mtu wa kuwafunga kidonda.

Angeweza kupita. Alikuwa raia wa nchi isiyohusika, amevaa suti nyeupe ya msafiri, na shughuli yake ilikuwa ikimngoja. Akakaa. Hakuwa daktari wala muuguzi, basi akafanya yale ambayo mtu asiye na utaalamu aweza kuyafanya. Aliwakusanya akina mama na wasichana wa mji, akawagawa katika makanisa. Aliwatuma wavulana waende na ndoo mabombani, wawaletee majeruhi maji. Alimtuma mwendesha gari lake mpaka mji wa Brescia kununua mashati, sponji, vitambaa vya kufungia vidonda, ndimu, machungwa, sukari na tumbaku, yote kwa fedha zake. Aliziandika barua za mwisho za waliokuwa wakikata roho. Majeruhi, ambao hawakulijua jina lake, walimwita kwa rangi ya nguo zake.

Akina mama wa Castiglione walipoona kuwa mgeni huyu hatofautishi Mfaransa na Mwaustria, rafiki na adui, nao wakamfuata, wakawa wanakaririana kwa lugha yao kwamba wote hawa ni ndugu. Maneno hayo ni yao, si ya Dunant, naye alikuwa mwaminifu kiasi cha kuyaandika kuwa ni yao. Dunia imeyahifadhi maneno, wenyewe karibu wote haikuwahifadhi. Hapakuwa hata na karatasi iliyopigwa chapa majina yao ikaachwa bila kusomwa.

Dunant aliondoka Castiglione baada ya siku kadhaa akafika kwenye kambi ya Kaisari. Kuhusu maji ya Aljeria hakupata kitu. Alichopata, baada ya kuomba, ni kuachiliwa kwa madaktari wa Kiaustria waliokuwa wametekwa, ili wawasaidie wenzao kuwatibu majeruhi. Kwa mtazamo wa mfanyabiashara safari nzima ilikuwa hasara tupu.

Alirejea Geneva, na mnamo 1862 akachapisha kwa gharama yake mwenyewe nakala 1,600 za kitabu kuhusu kumbukumbu zake za Solferino. Hakukiuza kwanza, alikigawa kwa watawala, majenerali na watu wenye sauti katika nchi za Ulaya. Kina kurasa nyingi za mapigano na mateso, lakini uzito wake umo mwishoni, anapouliza mambo mawili. Je, haiwezekani kila nchi iwe na chama cha watu wa kujitolea, waliofunzwa wakati wa amani, ili vita vikizuka wawe tayari? Na je, haiwezekani mataifa yakatia saini mkataba wa kuwalinda majeruhi na wale wanaowahudumia?

Hapa naomba ruhusa nitoke kando kidogo kwa sababu ya taaluma yangu. Kiswahili hutofautisha vizuri kujitoa na kujitolea. Mtu akijitoa katika jambo, amejiondoa. Akijitolea, ameingia. Kinachotenganisha vitenzi hivi viwili ni ule mnyambuliko mdogo wa kutendea, ambao unatulazimu tuwe na mtu au jambo linalotolewa huko kutoa. Kujitoa kwaweza kutokea pasi na mwingine, ilhali kujitolea hakuna maana mpaka pawepo wa kutolewa. Tunalo pia neno mfadhili, ambalo asili yake ni fadhila, yaani wema na hisani ya aina yoyote. Katika kipindi kifupi, hasa tangu mashirika yasiyo ya kiserikali yalipotapakaa nchini, neno hilo limefinywa likawa na maana ya mwenye fedha tu. Mama yule wa kifua kikuu ana fadhila tele lakini hakuna mshereheshaji atakayemwita mfadhili. Lugha imeshaamua ni nani atakaa mbele na nani atakaa nyuma kabla viti havijapangwa.

Maswali ya Dunant hayakupuuzwa. Gustave Moynier, mwanasheria aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha ustawi wa jamii cha Geneva, alikisoma kitabu, na tarehe 17 Februari 1863 kamati ya watu watano ikakutana kwa mara ya kwanza. Wengine watatu walikuwa Jenerali Guillaume-Henri Dufour na madaktari Louis Appia na Théodore Maunoir. Dunant akafanywa katibu. Kwenye mikutano alikuwa kimya kuliko Moynier, ila nje ya mikutano hakukamatika. Alizunguka miji mikuu ya Ulaya akigonga milango, na mjini Berlin mwaka huo alisambaza, bila idhini ya wenzake, waraka uliotaka wauguzi na madaktari wa vitani wahesabiwe kuwa si wa upande wowote. Moynier alikasirika, akiona kuwa wanaombwa mambo yasiyowezekana. Yakawezekana. Mnamo Oktoba 1863 mkutano wa kimataifa ulifanyika Geneva, na tarehe 22 Agosti 1864 mataifa 12 yakatia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva. Wakati wa shughuli hiyo kuu, aliyekuwa na wazo alipewa kazi ya kuwashughulikia wageni, wakae vizuri na waburudike. Nadhani msomaji anaijua kazi hiyo. Kila kamati huwa na mtu wake wa namna hiyo.

Si kila mtu aliyependezwa na wazo lenyewe. Florence Nightingale, ambaye Dunant alimheshimu mno, alihofu kuwa vyama vya kujitolea vitazipunguzia serikali mzigo ambao ni wajibu wao kuubeba. Hoja hii haijafa na sidhani inastahili kufa. Ukiangalia jinsi wahudumu wa afya wa vijijini nchini Kenya walivyofanya kazi miaka nenda miaka rudi bila senti, hadi serikali ilipoanza mpango wa kuwapa posho ya mwezi mnamo 2023, utakiri kuwa bibi yule wa Kiingereza aliona mbali. Serikali hupenda sana watu wa kujitolea, na hakika hakuna mfanyakazi wa bei nafuu kuwashinda.

Sasa tufike kwenye anguko. Wakati Dunant akigonga milango ya wafalme, kiwanda cha Aljeria kilikuwa kikizama. Alikuwa amekopa, amewashawishi jamaa na marafiki waweke fedha zao humo, naye hakuwa na muda wala uwezo wa kukisimamia. Mwaka 1867 benki moja ya Geneva iliyohusiana na biashara zake ilifilisika naye akazama nayo, akiwa na madeni yaliyokaribia faranga milioni moja. Mwaka uliofuata mahakama ya biashara ya Geneva ilimtia hatiani kwa udanganyifu. Mama yake alikuwa ameaga dunia miezi michache kabla ya hukumu hiyo. Yeye alikuwa keshaondoka mjini, wala hakurudi tena katika uhai wake.

Mimi simtetei. Fedha zilizopotea zilikuwa za watu, na miongoni mwao walikuwemo waliomwamini kwa sababu tu alikuwa mtu wa dini na wa huruma. Tumewaona wengi wa namna hiyo hapa kwetu, wenye mioyo mipana na vitabu vya hesabu visivyofunguka. Huruma haimwondolei mtu wajibu wa kutunza stakabadhi. Na tena haki ya Moynier ni lazima itolewe. Bila nidhamu yake, ukavu wake, na zile barua zake zisizokwisha, wazo la Dunant lingebaki kuwa kitabu kizuri cha mwaka 1862. Aliiongoza kamati kwa zaidi ya miaka 40, mpaka kifo chake. Kila shirika lililodumu lina mtu aliyelala macho kwa ajili yake na mtu aliyehesabu mishumaa.

Lakini kamati ilipitiliza. Mnamo Septemba 1867 ilimwondoa kabisa, na si katika ukatibu tu, bali hata katika uanachama. Tangu hapo jina lake likaanza kufifia katika historia ya chombo alichokiasisi. Moynier hakutaka shirika lihusishwe na mtu aliyefilisika, na inasimuliwa kwamba alitumia ushawishi wake kuhakikisha kuwa misaada iliyokusudiwa kumfikia mwenzake haimfikii. Kumwondoa mtu kwenye kiti kwa kosa alilolitenda ni haki. Kumfuta kana kwamba hakuwahi kuketi ni jambo lingine.

Miaka 20 iliyofuata alitangatanga, Paris, London, Stuttgart, Roma, na kwingineko. Wakati wa vita vya 1870 kati ya Ufaransa na Prusia bado alijitahidi kuunda chama cha misaada mjini Paris. Baadaye hata hilo likawa muhali. Kuna usiku aliolala nje. Nguo yake nyeusi ilipopauka aliipaka wino, na kola ya shati ilipochafuka aliipaka chokaa. Wakati huohuo vyama vya Msalaba Mwekundu vilikuwa vikizaliwa kila mahali, na milki ya Uthmaniya ilikuwa imeanza kuitumia Hilali Nyekundu katika vita vyake na Warusi vya miaka ya 1870. Mabango, nishani, karamu na malkia walezi havikukosekana. Wengi waliokuwa kwenye karamu hizo, kama waliwahi kulisikia jina la Dunant, walidhani alikufa zamani.

Mnamo Julai 1887 alifika Heiden, kijiji cha milimani mashariki mwa Uswisi, ndevu nyeupe, afya mbovu. Aprili 1892 akahamia katika hospitali ya kijiji, iliyokuwa chini ya Daktari Hermann Altherr, akapewa chumba namba 12. Humo aliishi miaka 18. Aliandika kumbukumbu zake, akahofia wadai wake, akamhofia Moynier, na inasemekana mwishowe alimtaka mpishi aonje chakula mbele yake kabla hajakila. Mateso hayamwachi mtu kama yalivyomkuta, na wanaowaandika mashujaa kana kwamba dhuluma iliwang'arisha tu hawajakaa na watu waliodhulumiwa.

Aliyemfufua alikuwa mwandishi wa gazeti. Mwaka 1895 Georg Baumberger, mhariri wa gazeti moja la St. Gallen, alimtembelea akaandika makala, na katika muda mfupi ikawa imechapishwa tena katika jarida la Ujerumani lililosomwa kote Ulaya. Dunia ikashtuka kuwa mtu yu hai. Barua na zawadi zikaanza kumiminika katika chumba namba 12. Naandika haya gazetini, kwa hiyo msomaji atanisamehe nikiona fahari kidogo.

Tarehe 10 Desemba 1901, Tuzo ya Nobel ya Amani ilipotolewa kwa mara ya kwanza kabisa, iligawanywa kati ya Dunant na Mfaransa Frédéric Passy, mpigania amani wa siku nyingi. Wapo waliolalama kwamba kuwahudumia majeruhi si kuleta amani, na kwamba kuvipunguzia vita makali ni kuvirefushia maisha. Hoja haikuwa ya kipumbavu. Lakini nadhani aliyewahi kulala barabarani na jeraha bila maji hangeitoa. Moynier, ambaye naye alipendekezwa zaidi ya mara moja, hakuipata tuzo hiyo. Kamati yenyewe ya Geneva iliipata mnamo 1917, na tena 1944 na 1963.

Sehemu yake ya fedha, takriban faranga 104,000 za Uswisi, iliwekwa katika benki ya Norway kwa msaada wa daktari wa jeshi wa huko, Hans Daae, ili wadai wasiifikie. Dunant hakuigusa. Alibaki katika chumba kilekile, akila chakula kilekile cha hospitali.

Tangu nianze kuandika makala haya nimekuwa nikijiuliza tungemfanyia nini mtu huyu lau angekuwa wetu. Tunayo Sikukuu ya Mashujaa kila tarehe 20 Oktoba, tunayo sheria ya mashujaa ya mwaka 2014, na kila Desemba orodha ya waliotunukiwa nishani za serikali hutangazwa. Zisome orodha hizo na uhesabu mwenyewe ni wangapi waliomo kwa ajili ya walichokitoa na ni wangapi kwa ajili ya cheo walichokikalia. Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katikati ya Nairobi na kuwaua watu zaidi ya 200, waliowahi kufika kabla ya matingatinga na kabla ya wataalamu wa kigeni walikuwa wapita njia. Walifukua vifusi kwa mikono. Msalaba Mwekundu wa Kenya, ulioundwa kwa sheria ya Bunge mnamo 1965, ulikuwepo, na watu wake wa kujitolea wanastahili kila sifa waliyopewa. Lakini mchuuzi aliyeacha bidhaa zake kando ya barabara akaingia moshini, nani aliandika jina lake? Castiglione yetu ilikuwa Barabara ya Haile Selassie.

Sisemi kila mtu apewe nishani. Nishani zikizidi huwa vifungo vya shati. Nasema karatasi ikishapigwa chapa majina, isomwe. Hotuba ya mwenye hema ingeweza kufupishwa kwa dakika kumi. Kutaja jina la mtu hadharani, mbele ya jirani zake na wanawe, hakugharimu hata shilingi, na kwa wengi wao ndiyo malipo pekee watakayowahi kuyapata. Mwenye kutenda wema na aende zake, ni sawa, lakini sisi tuliobaki nyuma hatukuambiwa na wahenga tufumbe midomo.

Moynier alifariki Agosti 1910. Dunant alimfuata miezi miwili baadaye, wala hakuna kumbukumbu ya wawili hao kupatanishwa. Aliagiza azikwe bila sherehe yoyote, na akazikwa hivyo katika makaburi ya Sihlfeld mjini Zurich. Wasia wake uliwagawia waliomtunza Heiden, ukatoa fedha kwa vyama vya hisani vya Norway na Uswisi, na sehemu ikaelekezwa kwenye madeni ambayo hakuyasahau. Na palikuwa na kiasi alichokitenga kwa ajili ya kitanda kimoja katika hospitali ile ya kijiji, kiwe wazi daima, bila malipo, kwa maskini yeyote wa eneo hilo atakayeugua.